Baragumu la Namkunda

Usinidanganye, tangazo ulilisikia: upepo mkali na radi kwenye miinuko, kuanzia alasiri. Ukabadilisha stesheni, kama ulivyofanya mwaka jana. Nakumbuka.

Mwaka huo Namkunda hakubadilisha. Paa lake lilishikiliwa na mawe tu, na chini yake alilala binti yake aliyejifungua juzi yake. Akaenda kwa shemeji yake Mbonea, akamkuta anakoroma, akatungua ukutani baragumu la msaragambo, lile la kuwaitia watu kazi ya kijiji, kama kuziba mfereji wa maji ya mashamba. Akalipuliza mwenyewe.

Watu wakaja mbio na majembe, Mbonea mbele.

"Mfereji umebomoka wapi?"

"Mfereji u mzima, haujabomoka. Paa langu ndilo linaloondoka."

"Shemeji! Tangu lini baragumu likapulizwa na mwanamke?"

"Tangu mpulizaji alale mchana. Haya, majembe mmeshakuja nayo, chimbeni!"

Watu wakaangua kicheko. Wakachimba mashimo kandokando ya kuta, wakasimika vigingi, wakarusha kamba za katani juu ya paa, wakakaza. Mbonea alivuta kuliko wote, huku akinung'unika kwamba mila imekufa.

Upepo ulipofika, mabati yaliinuka kidogo, kamba zikalia, yakatulia. Ndani walibanana wakila makande, radi ikipasua nje, na kichanga ambacho hakijapewa jina kikipita mikono kwa mikono.

Wingu jingine linapanda sasa hivi. Jirani yako ana mawe juu ya paa, nawe unasoma. Weka chini karatasi hii, chukua kamba, toka.