Goti la Toleo la Saba

Kiwandani kwetu, goti la bandia halitoki mlangoni bila jina la mtu wa kulivaa. Magoti yakizidi wagonjwa, yanayobaki yanaenda kwa familia za wafanyakazi, na lazima yavaliwe. Ndiyo sheria, tumeshaizoea.

Mimi ndiye mpangaji wa uzalishaji. Hili toleo la saba nilikadiria tuanze na machache, mafundi wakishalizoea tupande taratibu, hadi Juni tufike kileleni. Tumefika kileleni Machi. Bosi kaninunulia soda.

Jioni nikakuta boksi mezani. Mke wangu, Mwanahawa, alikuwa amesimama anakata mchicha.

"Baba Shani, mzigo kutoka kiwandani kwenu."

"Una jina lako."

"Nimeona." Akaendelea kukata. "Mafundi wenu wana mikono myepesi, eh?"

"Wameshika kazi haraka kuliko nilivyodhani."

"Hongera basi."

Tukacheka kidogo. Akaweka kisu chini, akasimama kwa mguu mmoja kama korongo, kisha akabadilisha.

"La kushoto au la kulia?"

"Unachagua mwenyewe."

"Yote mazima. Labda la kushoto." Akafikiri. "Ila Shani analalia mguu huo."

"Atazoea."

"Haya. La kushoto."

Shani, binti yetu, alikuwa sakafuni amepiga magoti, anasukuma kifuniko cha sufuria kama gari.

Sikumwambia Mwanahawa kwamba vipimo vya toleo la nane vimeshafika mezani kwangu. Ni goti dogo, la watoto. Nimekadiria tupande polepole sana, mpaka mwakani. Bosi kausoma mpango, akacheka. Anasema mafundi watalizoea upesi.