Matanga Yako kwa Clifford

Phoebe alikuwa amesimama juu ya godoro katikati ya sebule, ameshika mpini wa fagio kwa mikono miwili, akijivuta nyuma na kukunja magoti. Ubao wenyewe alikuwa ameshaufunga juu ya gari tangu jana.

Ujanani, kule Kisumu, hakuna aliyempita katika mchezo huo wa kusimama juu ya ubao ziwani, kushika nguzo yenye kitambaa na kuuachia upepo ukupeleke. Kisha ndoa ikaja, watoto wakafuatana, familia ikahamia Woodley na ubao ukaingia stoo. Sasa kitinda mimba alikuwa ameenda chuo kikuu, na kisingizio cha mwisho kimeondoka naye. Leo wachezaji wa zamani walikuwa wanakutana kwenye bwawa moja huko Karen. Hiral wa Loresho, ambaye enzi zile alikuwa akiona kisogo cha Phoebe tu, alikuwa amempigia simu kumwuliza kama bado anaweza kuinama. Swali hilo lilimkaa rohoni. Leo lazima angerudi majini, hata kama ni kwa kuanguka.

Tatizo lilikuwa vitambaa. Alikuwa navyo viwili, kikubwa chekundu cha upepo mpole na kidogo cha manjano cha upepo mkali, na alipovifungua mwezi uliopita alikuta panya wamevigeuza chandarua. Alilia kama mtoto. Mumewe, Zedekiah, mwalimu wa Kiswahili anayesahihisha hata sala za wageni, alivikunja akamwambia amwachie yeye, anajua pa kuvipeleka. Pipani, Phoebe alidhani. Na hata katika msiba ule mwalimu hakuacha ualimu wake.

"Kitambaa ni cha meza," alisema. "Hiki kina jina lake."

Phoebe alimjibu kwamba yeye si mwanafunzi wa kidato cha pili, na mazungumzo yakaishia hapo. Tumaini lake lilikuwa kuazima kitambaa huko huko bwawani, ikibidi kwa Hiral mwenyewe.

Sasa Zedekiah alichungulia mlangoni, tai shingoni, mkate mkononi. Alikuwa anawahi kikao shuleni.

"Matanga yako kwa Clifford," alisema.

Phoebe akashusha fagio. "Clifford gani?"

"Yule fundi wa maturubai. Karen, nyuma ya soko. Pitia kabla ya saa nne, nitakukuta baadaye."

"Matanga iko leo? Leo leo?"

"Yako, Phoebe. Matanga yako." Na akaenda zake.

Phoebe aliketi kwenye godoro akahuzunika kweli, wala si kwa ajili ya marehemu. Alimwonea hasira mtu huyo asiyemjua, aliyepata wiki nzima ya kuzikwa akaichagua Jumamosi hii. Kisha akajionea aibu. Kupitia, eti! Kwao matanga hayapitiwi. Ukienda umeenda: utakula, utaimba, utasikiliza kila binamu akihutubia, na jua litazama ukiwa hapo hapo. Lakini usipowazika wenzako, wewe utazikwa na nani?

Akavaa nguo nyeusi, akajifunga leso, akajaza chai kwenye thermos. Kwa kuwa kilio hakiendewi peke yako, aliwapitia Rael na Ndanu, akina mama wenzake wa kanisani. Kuushusha ubao kulihitaji wanaume wawili, kwa hiyo waliifuata Ngong Road nao ukiwa juu ya gari. Rael aliuliza kwa upole kama jeneza litatengenezewa huko huko. Ndanu akamfinya anyamaze.

Kwa Clifford hapakuwa na hema, wala viti, wala watu. Mlio wa cherehani tu ndio uliotoka ndani. Phoebe alisikitika. Fundi wa maturubai, na matanga hayana turubai. Wakasimama langoni, wakaanza wimbo wa maombolezo.

Clifford akatoka na futi ya kupimia shingoni. Aliwatazama, akavua kofia, akangoja kwa adabu mpaka ubeti ukaisha.

"Pole sana, ndugu," Phoebe alisema, akimshika mkono.

"Asante, mama. Ilikuwa kazi. Karibu nikate tamaa."

"Mungu ndiye anajua."

"Lakini tulimaliza jana jioni."

Phoebe alishtuka. Wamezika bila hata kungoja watu! Lakini moyoni, Mungu amsamehe, alifurahi. Kama mambo yaliisha jana, bwawa angeliwahi.

"Kazi ya Mungu haina makosa," alisema, kwa unyenyekevu zaidi kuliko alivyohisi.

"Ya Mungu haina," Clifford alikubali. "Yangu utaangalia mwenyewe."

Akaingia ndani. Rael alinong'ona kwamba majonzi humfika kila mtu kwa namna yake, na Ndanu akafumba macho aanze kuomba.

Fundi alirudi na furushi refu kila bega, moja jekundu, moja la manjano, yametiwa viraka vizuri kila mahali meno ya panya yalipopita. Akamwekea Phoebe yote mawili mikononi, juu ya leso na thermos ya chai.

"Mimi nilikuwa naita kitambaa," alisema, "lakini mwalimu alinikataza. Akasema nikikupea nitaje jina vizuri." Akakohoa kidogo, akanyoosha mgongo.

"Matanga yako."