Jeki ya Sentimita Nane

"Sentimita nane," mteja alirudia. "Ikizidi hapo haipiti chini ya gari langu."

Leonida aliliweka kopo la grisi juu ya kaunta taratibu, lisije likamponyoka. Miaka minne alikuwa akiyasubiri maneno hayo, na sasa yameingia dukani kwake saa nne asubuhi, yamevaa shati jeupe na kusema shikamoo.

"Marahaba, baba. Gari gani hilo la chini hivyo, na barabara zetu hizi?"

"Saluni tu, mama. Nyeusi."

Karatu ni mji wa magari marefu. Yanayoshusha watalii kreta kutazama wanyama huinuliwa springi mpaka mbuzi apite chini, na maduka ya vipuri huuza jeki za chupa, zile za kusimama wima, za kuyanyanyulia hayo. Ndiyo maana lile lililomuua mume wake, Emilian, akitoka misa kwa miguu kwenye kona ya Rhotia, halikuwa la kusahaulika. Sairowua, mfugaji aliyekuwa akivusha mbuzi wake, aliliona: jeusi, tumbo nusura liguse lami. Halikusimama, wala halikuonekana tena.

Lakini gari haliyeyuki. Leonida aliamini limefichwa kwenye banda la mtu, na mwenyewe hathubutu kulipeleka gereji, maana mafundi wote wa mji walimzika Emilian. Ipo siku atataka kulitengeneza mwenyewe nyumbani, na atahitaji jeki ya kulala chini. Basi Leonida akawa mtu pekee mjini anayeuza jeki hizo, akakaa kusubiri.

Mtego wa panya hunasa waliomo na wasiokuwamo. Mwaka jana alidhani amempata: Melkizedek, kijana mpole wa mapokezi hotelini. Baadaye akasikia kwamba gari la kijana yule lilitoka bandarini miaka miwili baada ya msiba wa Emilian. Leonida alilia wiki nzima, akaenda kuungama. Safari hii aliapa kuuliza kwanza.

"Utalitengenezea wapi?"

"Nyumbani. Nina banda, sakafu ya saruji. Gereji sipeleki, mafundi wana midomo."

"Umekuwa nalo siku nyingi?"

"Za kutosha."

Leonida alichungulia nje. Gari lilikuwa limeegeshwa uani, na bampa ya mbele ilikuwa imepakwa rangi upya. Weusi wake haukulingana na wa ubavuni. Aliporudisha macho ndani, mteja alikuwa akiitazama picha ya Emilian ukutani, ile yenye rozari. Aliitazama muda mrefu mno kwa mtu aliyekuja kununua jeki.

"Mume wako?"

"Marehemu."

"Pole, mama. Aliyefiwa hasahau."

"Hasahau," alisema Leonida, na akamchukia palepale, chuki iliyomjaa mpaka kwenye meno. Amuue mume wake, halafu aje kumpa pole! Mungu ampe subira ya dakika kumi tu.

Mteja aliigusa jeki iliyokuwa kwenye rafu. "Umeshauza nyingine kama hii?"

"Moja tu. Mwaka jana."

"Aliyeinunua aliridhika?"

"Hajarudi kulalamika. Iache hiyo, baba, ni ya maonyesho. Nakuletea mpya."

Stoo, chini ya gunia, kulikuwa na jeki aliyoilegeza sili ya ndani, mpira unaozuia mafuta, kwa mkono wake mwenyewe. Hupanda vizuri. Hushika gari dakika tano, halafu huachia mzigo wote kwa mara moja.

"Na stendi za kuegemezea gari?" mteja aliuliza alipoletewa. "Nisije nikaingia chini bila kitu."

"Za nini? Hii ni tani tatu, baba. Inatosha."

Hakuomba hata kupunguziwa bei. "Ila tuijaribu hapa hapa," alisema. "Gari si lipo?"

Hilo Leonida hakuweza kulikataa. Karatu hata balbu haitoki dukani bila kuwashwa mbele ya mnunuzi. Tena hakuwa na wasiwasi, kwa sababu jaribio huwa la nusu dakika.

Wakatoka uani. Mteja aliisukuma jeki chini ya bampa, ikapita bila kugusa. Akapampu mwenyewe. Gari likapanda, gurudumu la mbele likaning'inia. Leonida akaanza kuhesabu moyoni.

"Umeona? Imeshika. Shusha nikufungie."

Mteja hakushusha. Alijifuta mikono kwa leso, akauliza habari za mvua, akauliza kama mahindi ya mwaka huu yatafika. Leonida alijibu ndiyo kwa yote. Dakika ya pili ikapita.

"Mama, kuna kitu kinagonga huku chini. Wewe una miaka mingi kwenye vipuri. Hebu ingia unitazamie."

"Mimi?"

"Mara moja tu. Nimekutandikia boksi usichafuke."

"Mgongo wangu mbovu, baba. Shusha gari, ulipeleke kwa fundi."

"Lakini si tani tatu? Si umesema inatosha?"

Dakika ya tatu. Leonida alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, mpaka mgongo ukagusa ukuta wa duka. Macho yake hayakubanduka kwenye gurudumu. Mteja naye hakuwa akilitazama gari. Alikuwa akiitazama miguu ya Leonida, jinsi ilivyokimbia.

"Hili ni gari la mdogo wangu, Melkizedek," alisema. "Yeye aliingia."