Dawa ya Vernelle

Watu walimpisha Roscoe Tillery tangu mlangoni. Mama mmoja alimvuta mwanawe nyuma ya rafu ya sabuni, na mlinzi akanyanyua simu.

Roscoe aliyaona yote hayo. Alikaza macho kwenye dirisha la dawa. Mkewe Vernelle alikuwa kitandani, pumu imembana, na kichupa chake cha dawa ya kuvuta kilikuwa kimekauka tangu alfajiri.

Wiki tatu nyuma, kwenye duka hilihili, afande Brandt alimtia pingu kwa kosa la kuzurura akiwa amefunika uso. Roscoe alikuwa amefuata agizo la daktari, asije akampelekea mgonjwa maradhi yaliyoenea mjini. Sheria yenyewe ni ya zama za farasi. Miaka yote ilikuwa imelala usingizi, ikaja kuamka ilipomwona fundi piano mweusi wa miaka hamsini na nane. Alikaa mahabusu siku mbili, na Vernelle nusura afe peke yake. Tangu hapo Roscoe akiona gari la polisi, huvuka barabara, na haoni aibu kusema.

“Mzee Tillery, simama hapohapo,” alisema Darlene, muuza dawa, akirudi nyuma hatua mbili. “Hukusikiliza redio asubuhi?”

“Nimekesha na mgonjwa, binti yangu. Nilisikia tu juzi kwamba huko Albany, kwenye bunge la jimbo, wanabishana kuifuta ile sheria. Bado hawajaifuta, najua.”

“Siyo hiyo, mzee wangu.” Alimtazama mlinzi, kisha akasukuma dawa kwa ncha ya rula. “Chukua uende. Kashawaita.”

Roscoe aliikamata dawa akaelekea nje, akijilazimisha asikimbie. Hakufika mbali. Brandt alikuwa ameziba mlango kwa mwili wake wote.

“Wewe tena, Tillery. Umekuwa sugu, eh?”

“Afande, sitaki shida.” Roscoe aliinua mikono, dawa ikiwa kwenye vidole. “Mke wangu hapumui vizuri. Niache nipeleke hii kwanza, halafu nitakuja kituoni mwenyewe.”

“Amri mpya imeanza leo asubuhi. Haruhusiwi mtu kuingia dukani uso wazi.” Sauti ya afande ilitokea nyuma ya kitambaa cheusi kilichomfunika pua na mdomo. “Vaa barakoa yako. Sasa hivi.”

Barakoa ilikuwa katika mfuko wa ndani wa koti, pale mtu anapoweza kuficha silaha, na mkono wa Brandt ulikuwa umeshashika bastola.