Kitanda cha Dirishani

"Kunywa yote, usiniachie hata tone." Mkunga, mwanamke mwenye mwili na maneno mengi, alimpa fundi cherehani kikombe kidogo cha maji yenye kidonge kilichoyeyushwa. "Hii ndiyo itakayomhamisha huyo mpangaji wako sugu."

Fundi akanywa, akakunja uso. Tangu asubuhi alikuwa akinywa dawa ya kuanzisha uchungu, na uchungu wenyewe haujaonyesha hata pua. Mimba ilikuwa imepitiliza. Daktari alikwishakata shauri: jioni ikifika kimya, ni upasuaji. Fundi alishinda na mkasi mkononi siku zote, lakini hakuogopa kitu duniani kama kukatwa yeye.

"Mjukuu wangu mvivu huyu," mama mkwe alisema kutoka kwenye kiti chake, akimenya chungwa. "Kamrithi baba yake. Na yeye aliningojesha hivihivi."

"Wala, mama. Anangoja nimalize suruali za watu."

Wakacheka. Mkunga alicheka kuliko wote, mpaka akashika chuma cha kitanda na kutulia hapo kidogo. Kisha akainama, akihema, akasikiliza tumbo la fundi.

"Moyo wa mtoto unadunda vizuri. Na nisikilizeni: leo kitanda hiki kinatoa mtoto bila kisu. Kesho naanza likizo, siachi kiporo."

Macho ya fundi yalikuwa kwenye gauni jeupe la mkunga. Mishono ya ubavuni ilikuwa inalia.

"Nikishajifungua nikutolee mishono, dada. Linakubana."

"Usihangaike," mkunga akasema, akijikanda kiuno. "Litanitosha tena lenyewe."

Fundi akaguna moyoni. Wateja wote husema hivyo.

Jua likashuka dirishani. Kikombe kingine, kimya kilekile. Hatimaye wahudumu wawili wakaingia wakisukuma kitanda cha magurudumu, na fundi akaung'ang'ania mkono wa mkunga.

"Dada, usiwaache wanichukue!"

"Nani akuchukue? Ngoja niwaam—"

Hakumaliza. Maji yalimwagika sakafuni, shwaa!

Mama mkwe akarusha chungwa. "Chupa imepasuka! Rudisheni kigari chenu, chupa imepasuka!"

Fundi akapapasa shuka. Kavu. Akapapasa gauni lake. Kavu kabisa.

Mkunga alikuwa akitazama viatu vyake vyeupe, vimelowa chapachapa.

"Basi shuka, mwenzangu," akasema, goti moja tayari liko juu ya godoro. "Nipishe mimi kwanza."

Fundi akashuka, mbavu hana kwa kucheka, na kabla mguu wake haujagusa sakafu, kicheko kikamkatika: kiuno kilikuwa kimeshikwa na uchungu.