Mteja Hataki Polishi

"Mteja amesema tena usipake polishi," dalali Ogeto alisema, akiwatia twiga wa mawe kwenye gunia kama viazi.

Manasseh alikunja uso. Mchongaji wa mawe wa Tabaka kuacha polishi ni sawa na mpishi kuacha chumvi. Lakini mteja ni mteja, na huyu ndiye aliyebaki peke yake. Maduka ya Kisii mjini yalikuwa yamemkataa tangu macho yake yaanze kuingia ukungu. Naye alishaapa mbele za watu: siku mkono wake ukikosa mnunuzi, ataweka patasi chini angoje kaburi. Waliomjua walijua hatanii.

"Na sikio, ameliona?"

"Analisifu sana, mzee."

Kila twiga wake alikuwa na sikio la kushoto lililokunjwa kidogo. Hiyo ndiyo ilikuwa sahihi ya Manasseh, na Gusii nzima hakuna mwingine aliyechonga hivyo.

Ogeto akajitwika gunia, akashika njia ya juu, ya migombani. Barabara ya lami iko chini. Manasseh hakuuliza, madalali wana mambo yao.

Huko migombani ndiko ilikokuwa nyumba ya Gladys, mke wa mwanawe. Gladys alitengeneza majiko. Alichanganya udongo wa mtoni na unga wa mawe yaliyotupwa machimboni, na majiko yake hayakupasuka hata uyawashe kutwa. Katika soko la Daraja Mbili, akina mama waliyagombania.

"Jiwe la kuchongwa unalitwanga kama wimbi! Ai!" Manasseh alizoea kumkemea. Alikemea akiwa nje ya ua, maana mila ya Kigusii haimruhusu baba mkwe kukanyaga nyumba ya mke wa mwanawe.

"Ndiyo, Tata," Gladys alijibu kutoka ndani, kwa heshima zote, na kinu kikaendelea.

Mara moja tu Gladys alimtumia mzee dawa ya macho. Ilirudi siku hiyohiyo, na ujumbe juu yake: Manasseh ana mkono wake, halishwi na mkazamwana. Gladys alilia. Kwa muda mrefu hakutuma kitu tena.

Julai baridi ikauma kweli. Gladys akaacha jiko jipya mlangoni kwa mzee, akaenda zake. Hilo halikurudi. Baridi ya Julai huwezi kuifanyia kiburi.

Asubuhi Manasseh alikuwa akizoa majivu kidole kilipokwama. Kwenye udongo wa ndani ya jiko palichomoza kipande cha jiwe kilichokunjwa, ambacho kinu hakikukimaliza. Alikipapasa polepole, kama anavyopapasa kazi yake mwenyewe. Akakipapasa tena. Kisha akaketi akisikiliza kinu kule juu mpaka chai ikapoa.

Jumapili Ogeto alipofika na gunia lake, alimkuta mzee akichonga kitu kinene kisicho na shingo.

"Mwambie mteja twiga nimeacha," Manasseh alisema bila kuinua kichwa. "Sasa ni viboko. Kiboko ana nyama."

"Haya. Na lile sikio la kukunja?"

"Hilo siweki tena. Linamsumbua mteja kwenye kinu."