Difu ya Mzee Lwakatare

Hii ni kweli tupu, na asiyeamini aende gereji za Bilele akaulize.

Mzee Lwakatare alisimama gereji mbele ya difu mbili, zile gia za kuzungusha magurudumu ya nyuma, ndogo na kubwa. Pikapu yake alikuwa ameitoa injini ya petroli akaiwekea ya dizeli, yenye nguvu za kung'oa mti, na difu ya zamani ikasagika.

"Unabebaga nini, mzee?" fundi akauliza. "Kama ni wewe tu, hii ndogo inatosha."

"Wajukuu kumi na mmoja kila Jumapili, na mikungu yao ya ndizi. Nikiwa mwongo, nailisha gereji nzima kwangu Kamachumu."

Fundi akapanda nyuma ya pikapu, akapitisha kiganja kwenye bodi taratibu. Rangi ilikuwa nyororo, haina mkwaruzo wa kiatu wala doa la utomvu wa ndizi.

"Mzee, huku nyuma hajawahi kukaa mtu."

Lwakatare akaitazama ile difu ndogo. Kweli ilimtosha.

"Mko wangapi hapa?" akauliza.

"Tisa."

"Basi funga kubwa. Jumapili baada ya misa nawafuata mwenyewe."